Zeyana na Njia Iliyofungwa Goweko

"Zeyana mwanangu, gari ni la kaka yako, barabara ni ya serikali, na mafuta ni ya kibali. Sasa wewe chako humo ndani ni nini?"

Aliyeuliza alikuwa Bi Tufaha, jirani wa ukuta mmoja kule Gongoni, mjini Tabora. Alikuwa ameshika ungo wa mchele mkononi, na alikuja si kwa sababu ya mchele bali kwa sababu ya kuona. Zeyana binti Ghalibu alikuwa amechuchumaa kizingitini anafunga kamba za viatu vya raba. Suruali aliivaa chini ya gauni, na ushungi aliufunga mafundo mawili ili upepo usimfedheheshe.

"Macho, Bi Tufaha," alijibu bila kuinua kichwa. "Macho ni yangu."

"Haya, mwenye macho. Usije ukayasahau Urambo."

Wakacheka wote wawili, maana Bi Tufaha ulimi wake ulikuwa mkali lakini moyo wake mlaini. Ndiye huyo huyo aliyempa kipande cha halua kilichofungwa kwenye karatasi, akamwambia asikifungue mpaka wafike salama.

Hiyo ilikuwa asubuhi ya shindano la kwanza, la kwenda Urambo, kiangazi cha mwaka sabini na saba. Zeyana alikuwa na miaka ishirini na ushei. Uhuru ulimkuta ndiyo kwanza anaanza chuoni kwa mwalimu, na Azimio la Arusha likamkuta anamaliza darasa la saba. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa ambalo siku hizo lilikuwa na rafu nyingi kuliko vitambaa. Watu wa mtaani walimjua binti yule kwa sauti. Alfajiri waliisikia ikisoma Kurani, tulivu, kila herufi mahali pake. Jioni waliisikia sauti hiyo hiyo ikitoka kwenye dirisha la gari la Pijo la kaka yake Hilali, inapiga kelele: "Kona kushoto! Mchanga! Punguza, nimesema punguza, kwani wewe ni kiziwi?"

Hilali ndiye aliyekuwa dereva. Zeyana alikuwa msoma njia, ingawa karatasi hakuwa nayo. Barabara aliikariri kama alivyokaririshwa juzuu na mwalimu wake: anapitishwa mara moja, anairudia kimoyomoyo anapofua, anairudia anapopika, na siku ya tatu haimtoki tena. Korongo, daraja la magogo, bani la kukaushia tumbaku lenye bati jekundu, njia panda ya kwenda stesheni, vyote vilikuwa na mahali pake kwenye ulimi wake. Hilali alikuwa na mkono mwepesi na mguu mzito, lakini kusahau alisahau hata alikoegesha baiskeli. Bila dada yake alikuwa anapotea hata akienda Kwihara, hapo jirani tu.

Klabu ya magari ya Tabora ilikuwa ndogo. Ilikuwa ya vijana wenye magari yaliyokwisha kuchoka, waliokuwa wakiyafufua kwa vipuri vya kuokoteza. Kila msimu walishindana mara tano, kwenye barabara za vumbi zinazofuata njia za zamani za misafara, zile ambazo wapagazi wa Kinyamwezi walizipita na mizigo begani kabla ya reli. Mwenyekiti wa klabu alikuwa Mzee Anselm, mwenye gereji karibu na stesheni, mtu wa haki lakini mgumu wa kushawishika. Hilali alipomleta dada yake, Mzee Anselm alikuna kidevu kwa muda mrefu.

"Tumjaribu msimu mmoja," alisema mwishowe. "Ukiisha tutakaa. Tutaamua kama kiti kile kinafaa kukaliwa na mwanamke, au tulikosea."

Basi Zeyana alijua tangu mwanzo kwamba wakati Hilali anashindania kikombe, yeye anashindania kiti.

Na mambo yalianza vizuri. Urambo walifika wa kwanza. Nzega walifika wa pili, nyuma ya Eustace, kijana fundi mwenye Datsun ya rangi ya chungwa na maneno mengi. Ukijumlisha yote mawili, Hilali alikuwa mbele kidogo, Eustace akimpumulia kisogoni.

"Bi Zeyana," Eustace alimwambia siku ile Nzega, akijifuta vumbi usoni, "ukichoka kumwongoza huyo kaka yako, kwangu kuna nafasi. Datsun haina haja ya kupigiwa kelele."

"Datsun haina haja," Zeyana akamjibu, "lakini mwenye Datsun anayo. Nilikuona ulivyoingia lile korongo."

Halafu kipindupindu kikaja.

Kilianza kwa kusikika mbali, pwani huko, kama habari za watu wengine. Kisha kikapanda reli. Masika yalipokuwa yamekolea, mgambo walikuwa wameweka magogo barabarani, na bwana afya anapita nyumba kwa nyumba akihimiza maji yachemshwe. Chakula cha kupikwa sokoni kikakatazwa, harusi zikakatazwa, matanga yakakatazwa. Watu waliokuwa wakisalimiana kwa kushikana mikono na kuulizana habari, mpaka za paka wa nyumbani, sasa walipungiana kwa mbali na kupita. Mjomba wa Zeyana aliyekuwa Urambo wiki moja alikuwa mzima, na ya pili alikuwa kaburini. Hakuna ndugu aliyemwosha. Wenye glovu walimfukia na chokaa, na jamaa zake walimsalia kwa mbali, kila mmoja kwake. Zeyana alilia akamwachia Mungu, maana hakuna pengine pa kuachia.

Mashindano yalifutwa moja baada ya jingine. Pijo lilipandishwa juu ya matofali uani, kuku wakataga chini ya boneti. Hata hivyo Zeyana aliendelea kusoma barabara. Alikuwa anaosha vyombo anasema, "Igalula, reli mkono wa kulia, tuta, punguza," mpaka Bi Tufaha akachungulia ukutani.

"Unamsomea nani, mwanangu? Dereva kalala, gari limelala, na barabara yenyewe imelala."

"Ikiamka isinikute nimesahau."

Iliamka kiangazi cha mwaka uliofuata. Karantini iliondolewa, magogo ya mgambo yakatolewa, na Mzee Anselm akawaita wanachama gerejini kwake.

"Mafuta tuliyopewa yanatosha shindano moja tu," aliwaambia. "Yaliyokufa yamekufa, hatuyafufui. Tabora, Igalula, Goweko, kisha mrudi kwa njia ya msituni. Atakayefika mbele kati ya Hilali na Eustace ndiye mwenye kikombe." Akamgeukia Zeyana. "Na wewe, binti, sikuona msimu wa kukupima. Nitakupima kwa hilo moja."

"Inshallah, mzee. Moja linatosha."

Desturi ilikuwa kwamba kabla ya shindano, kamati hupita njia nzima kuikagua. Safari hii hapakuwa na mafuta ya kukagulia. Wakasema, njia ni ile ile ya mwaka juzi, itakuwa imekwenda wapi? Na watu wa Goweko, kwa upande wao, hawakutuma habari yoyote ya njia mjini, kwa kuwa kwao jambo lenyewe lilikuwa wazi mno hata la kusema halikuwepo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, jua kali, anga haina hata wingu la kufunikia jicho. Magari manne yaliondoka mjini moja moja. Hilali alikuwa wa kwanza, na mpaka Igalula hawakuona hata vumbi la mwingine kwenye kioo. Zeyana alisoma njia bila kukwama. Sauti yake ilikuwa imepanda na furaha imemkaa kifuani, akimshukuru Mola kila wanapovuka korongo.

"Kijiji mbele," alisema. "Nyumba pande mbili, barabara katikati, moja kwa moja hadi kisimani. Punguza kidogo, halafu..."

Hakumalizia. Katika lango la kijiji cha Goweko, pale ambapo nyumba zilipangwa mistari miwili wakati wa kuhamia vijijini, alisimama Anton, mwanakijiji aliyepewa na klabu kazi ya kuongoza magari. Alikuwa amenyanyua bendera nyekundu. Nyuma yake, barabarani, limelala tawi kubwa la mti wa mtundu, limekauka, majani yamekuwa kahawia. Nyasi zilikuwa zimeota katikati ya vijiti vyake. Pembeni, kwenye shamba la karanga, palikuwa na kijia kipya kilichokanyagwa na miguu na baiskeli, kinalizunguka.

Hilali alikanyaga breki, Pijo likayumba likasimama.

"Anton! Toa hilo tawi!"

"Bendera ni yangu, Hilali," alisema Anton. "Tawi si langu."

"La nani?"

"La Limbu, balozi wetu wa nyumba kumi."

"Mwite basi aje alitoe, upesi!"

Anton aliishusha bendera. "Limbu tulimzika masika."

Zeyana alifahamu kabla ya kaka yake. Tangu enzi za misafara, kiongozi akiona njia haifai hukata tawi bichi akalilaza, na wanaokuja nyuma hawalivuki. Aliyefunga ndiye hufungua. Ugonjwa ulipofika kijiji cha jirani, Limbu alilaza tawi lile ili mgeni asiingie na mwenyeji asitoke. Siku chache baadaye ugonjwa ukampata yeye. Serikali ilipoondoa karantini, mgambo walichukua gogo lao. Tawi hakuna aliyeligusa. Malori ya tumbaku yalipita nyuma ya reli, watu walipita shambani, na barabara ikaachwa imelala.

"Tuzunguke kama wao," alisema Hilali.

"Ukitoka barabarani unafutwa," alisema Zeyana. "Unaijua sheria."

"Basi nipite juu."

Zeyana alitazama milangoni. Wanawake walikuwa wamesimama wamekunja mikono, macho kwenye gari. "Pita," alimwambia kaka yake, "kama unaweza kuwatazama hao ukiwa unapita."

Hilali hakupita. Zeyana alifungua mlango. "Anton, Limbu ana nani?"

"Ana mke, Mama Ng'washi. Nyumba ile. Lakini usijisumbue, dada. Mwenyekiti wa kijiji kamwomba, mtoto wake kamwomba. Anasema mumewe alisema atafungua mwenyewe."

"Zima gari, kaka."

"Nizime? Eustace yuko nyuma ya kile kilima!"

"Naye akifika atakuta tawi kama sisi."

Mama Ng'washi alikuwa ameketi mlangoni anamenya karanga. Zeyana alipiga magoti kama alivyoona wanawake wa huko wakifanya mbele ya wakubwa.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kinyamwezi, kama anayemwamkia mama yake. "Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye unayepiga kelele ndani ya gari?"

"Ndiye mimi."

"Nimekusikia tangu darajani." Mama akaendelea kumenya. "Mnakimbilia nini?"

Zeyana alikuwa na maneno mengi ya hekima aliyoyaandaa akitembea, yakamtoka yote kichwani. "Kikombe," alisema.

"Cha kunywea?"

"Cha kuweka kabatini."

Mama Ng'washi aliinua macho. Kisha akacheka, cheko la kukwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. "Watu wazima!" alisema. "Na mavumbi yote hayo!"

Barabarani honi ililia. Datsun ya chungwa ilikuwa imefika, na Eustace amekwisha toa kichwa nje. "Bi Zeyana! Umepoteza njia, au umepata shamba la kulima?"

Zeyana hakugeuka. Alijua kila punje ya karanga inayomenywa ni mwendo anaoupoteza, na nyuma ya mwendo ule kuna kiti chake. Lakini alikwisha piga magoti mbele ya mjane, na mtu hainuki kwa mjane kwa sababu ya honi.

"Kwenu kipindupindu hakikuingia?" Mama akamwuliza.

"Kiliingia. Kilimchukua mjomba wangu. Hatukumwosha, mayu. Walimfukia wageni."

Mikono ya Mama Ng'washi ilisimama. "Na mimi sikumgusa," alisema. "Nilisimama pale kwenye mti, naona wanamfunga. Niliambiwa, usisogee. Nikatii." Akakusanya maganda polepole. "Kitu chake cha mwisho nilichobakiwa nacho ni lile tawi. Nikilitoa, je?"

Zeyana alilitazama lile tawi. Alisema tu, "Mungu amrehemu mume wako, mayu. Aliifunga njia ili watu wapone."

Wakakaa. Gari la tatu likafika, kisha la nne, yakaungana na honi. Mama Ng'washi akakung'uta maganda mapajani, akainuka akishika kiuno, akaingia ndani. Alitoka na ndoo.

"Nilikuwa nakwenda kisimani hata hivyo," alisema.

Zeyana alikimbilia tawi amsaidie. Mama akamzuia kwa mkono. "Wewe usishike. Simama pale." Akainama peke yake, akalivuta. Nyasi zilikuwa zimelikamata, akalivuta tena, zikakatika. Alilikokota mpaka ukingoni mwa barabara, akalilaza taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia.

Hilali akawasha gari. Anton akainua bendera tena.

"Bado," alisema. "Anayeifungua ndiye anayeipita kwanza. Mwingine akitangulia, njia haijafunguka."

Basi Mama Ng'washi alijitwika ndoo, akaingia barabarani, akatembea. Hakuharakisha wala hakujikokota. Alitembea kama mwanamke anayekwenda kisimani. Nyuma yake lilifuata Pijo kwa gia ya kwanza, nyuma ya Pijo ikafuata Datsun ya chungwa, na magari mengine mawili nyuma yake, injini zinanguruma kama fahali waliofungwa kamba. Watu walitoka majumbani. Mwanamke mmoja akaanza kupiga kigelegele, mwingine akamfinya, kisha huyo aliyefinya akapiga yeye. Wazee walivua kofia. Eustace alirudisha kichwa ndani, mikono juu ya usukani.

Kisimani Mama akatua ndoo, akasogea pembeni, akawapungia kwa mkono kama anayefukuza kuku.

"Haya, nendeni kwenye kikombe chenu!"

Hilali aliliachia Pijo likaruka. Lakini mwendo ule wa pole, jua lile la saa sita, vilikwisha fanya kazi. Hawakufika mbali msituni, mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti. Wakasimama. Datsun ikawapita na vumbi lake. Hilali, kwa hasira na haraka, akafungua kifuniko cha rejeta kabla hakijapoa, maji ya moto yakamrukia mkono wa kulia.

Kilio chake kilisikika mbali. Zeyana alimwagia maji ya kunywa, akachana pindo la gauni lake akamfunga, akajaza rejeta kwa maji yaliyobaki. Wakati huo huo gari jingine lilikuwa limewapita.

"Basi tena," alisema Hilali, machozi yanamlenga. "Tusubiri watu watukute."

"Sogea kushoto."

"Nini?"

"Sogea kushoto, kaka. Bismillahi."

Zeyana gari aliliendesha zamani, la mizigo la baba yao, kutoka dukani mpaka stesheni na kurudi. Hili lilikuwa jepesi zaidi na lenye wazimu zaidi. Hilali hakuweza kumsomea njia, maana hakuijua. Zeyana akajisomea mwenyewe, kwa sauti, kona baada ya kona, mikono ikifuata ulimi. Mara ya kwanza gia zililia. Mara ya tatu hazikulia. Kwenye mchanga wa mwisho aliliona lile gari lililowapita, akalipita, na Hilali akasahau mkono wake akapiga kelele, "Punguza!"

"Kwani wewe ni kiziwi?" alimjibu. "Nimesema hapa hatupunguzi!"

Waliingia Tabora wa pili. Kikombe kilikuwa kimekwisha pata mwenyewe. Watu waliokuwa wamejipanga pembeni walishangilia kama kawaida, kisha mlango wa kulia ukafunguka, akatoka mtu mwenye ushungi, kelele zikakatika kwanza, halafu zikarudi maradufu.

Baada ya sala ya alasiri kamati ilikaa gerejini kwa Mzee Anselm, kati ya matairi na harufu ya girisi. Hilali alikuwa ametoka hospitali, mkono umefungwa bendeji nyeupe. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayehesabu alichopoteza na kusita kusema kimepotea kwa kosa la nani.

Eustace ndiye aliyeanza, kikombe kipo mapajani mwake. "Mimi sina malalamiko. Lakini mjue nimeshinda nikiwa nyuma ya ndoo ya maji. Wajukuu wangu sitawaambia." Watu wakacheka.

Mzee Anselm hakucheka. "Zeyana."

"Naam, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umesimamisha mashindano yetu."

"Nimesimamisha."

"Kosa la kutokagua njia ni letu, hilo nalikubali mbele ya wote. Lakini kukaa pale kuongea na mjane umekaa wewe. Gari limechemka kwa sababu hiyo, na kikombe mmekikosa."

"Tumekikosa, mzee."

"Tena ukaendesha, hali umeandikishwa msoma njia."

"Nimeendesha. Sheria haikukataza."

"Haikukataza kwa sababu hakuna aliyewaza." Mzee Anselm alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. "Msimu tuliokupa umeliwa na maradhi, na hilo shindano moja lililobaki limekuwa kama lilivyokuwa. Kamati inaweza kukuachia kiti chako, na kamati inaweza kukunyima. Wengine humu wanasema hivi, wengine vile. Kabla hatujapiga kura, una lolote la kuomba?"

Zeyana alisimama. Alikaza fundo la ushungi wake, akawatazama wazee mmoja mmoja, kwa upole, kisha akamtazama kaka yake.

"Kile kiti mpeni mwingine, mzee," alisema. "Mimi naomba mwakani mniandikishe dereva."